Leo Ndiyo Unaniona? Kwa Nini Thamani ya Mfanyakazi wa Kolwezi Huonekana Siku ya Kuaga



Nianze na jambo lililonipata mimi mwenyewe. Kwa miaka minne nilikuwa fundi umeme katika kampuni moja ya sutretansi hapa Kolwezi. Jina lake naliacha. Kazi yetu ilikuwa kutunza pompi zinazotoa maji ndani ya shimo la mgodi. Anayejua migodi yetu anaelewa uzito wake: mvua zikishaanza, pompi zikilala usiku mmoja tu, asubuhi mashine ziko ndani ya maji na uchimbaji umesimama.

Nilikuwa napata dola 280 kwa mwezi. Mara tatu niliomba niongezwe, nifike hata 350. Mara ya kwanza shefu alisema, "Tutaona." Mara ya pili akasema bajeti imefungwa. Mara ya tatu hakuinua hata kichwa. Alinyoosha kidole dirishani na kusema, "Ku mulango kuko batu mingi banatafuta kazi."

Nilinyamaza. Nikaanza kutafuta kwingine, nikapata. Siku niliyopeleka barua ya kuacha kazi, shefu yule yule aliniita ofisini, akanipa kiti, akaagiza soda. Akasema, "Sasa weye ukienda, ile pompi ya tatu ni nani ataiweza? Juu ya nini haukusema mbele?" Nikamjibu, "Nilisema, shefu. Nilisema mara tatu." Kabla soda haijaisha alikuwa ameshafika dola 450.

Tafakari kidogo. Asubuhi ile sikuwa nimeongeza diploma wala ujuzi. Mikono ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni karatasi moja mezani. Waswahili husema chanda chema huvikwa pete. Kwetu Kolwezi chanda huvikwa pete siku kinapofunga mizigo.

Wengi wetu tukipatwa na haya tunamaliza kwa kusema, "Yule patro ana roho mbaya." Inawezekana. Lakini roho mbaya haielezi kwa nini jambo hili linarudi katika kila kampuni, kwa Mkongomani, kwa Mchina, kwa Mzungu, kwa Mhindi. Kuna sababu zake, na mtu akizijua anaweza kujipanga. Ndizo ninazotaka tuziangalie leo.

Sababu ya kwanza: kazi nzuri haionekani

Pompi ikiharibika, kila mtu anaiona. Pompi isipoharibika miezi sita, hakuna anayeuliza ni nani aliyeamka saa nane za usiku kwenda kugusa beringi kama imeanza kupata moto. Kazi ya kutunza, kuzuia na kuzoea haina kelele. Ndivyo ilivyo kwa mhasibu ambaye hesabu zake hazina makosa, kwa muuguzi wa dispensari ya kampuni, kwa dereva ambaye hajagonga kitu.

Zaidi ya hapo, sehemu kubwa ya ujuzi haimo kwenye karatasi. Pompi yetu ya tatu ilikuwa na kisanduku cha umeme ambacho watu watatu kabla yangu walikitengeneza kila mmoja kwa namna yake. Mchoro wa kiwandani ulikuwa unasema hivi, nyaya zinasema vile. Ramani ya kweli ilikuwa ndani ya kichwa changu. Shefu aliigundua ramani hiyo siku alipoona kichwa kinaondoka nayo.

Sababu ya pili: foleni ya mlangoni inadanganya macho

Kila asubuhi kwenye barabara za kuelekea migodini utaona vijana wenye bahasha za kaki mkononi. Wengine ni wahitimu wa UNIKOL, wengine wa ISTA, wengine wametoka Lubumbashi, Likasi, Kasai. Patro anayetazama foleni ile anaona kwamba watu wamejaa, na watu waliojaa ni bei rahisi.

Hesabu hiyo ina kosa moja. Foleni inamhakikishia kwamba kiti hakitakaa wazi. Haimhakikishii kwamba kazi itafanyika. Kati ya kuajiri mtu na kumfikisha mahali anapoweza kuachwa peke yake usiku, kuna miezi ya kujifunza, vifaa vitakavyoungua na masaa ambayo mgodi utasimama. Gharama hizo haziandikwi kwenye daftari lolote kwa jina la mtu aliyeondoka. Zinaandikwa "matengenezo", "ucheleweshaji", "vipuri". Kwa hiyo mwenye kampuni anaweza kukataa kuongeza dola 70 kwa mwezi, akapoteza maelfu, na asijue kwamba hizo mbili ni habari moja.

Sababu ya tatu, na hii ni ya kwetu hasa: anayeona si anayelipa

Mwaka 2021 shirika la RAID la Uingereza na kituo cha msaada wa sheria CAJJ cha hapa kwetu Kolwezi walitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa migodi mitano mikubwa ya shaba na kobalti. Walikuta kwamba asilimia 57 ya wafanyakazi wa migodi hiyo waliajiriwa kupitia kampuni za sutretansi. Walipiga pia hesabu ya kiasi kinachohitajika kuishi Kolwezi kwa heshima: dola 402 kwa mwezi. Wengi wa wafanyakazi waliohojiwa walikuwa chini ya hapo.

Sasa angalia jinsi mambo yanavyokwenda. Mgodi unailipa kampuni ya sutretansi bei moja kwa kazi nzima. Kampuni inatoa mishahara ndani ya bei hiyo, na kinachobaki ni faida yake. Kwa hiyo kila dola unayoongezwa inatoka moja kwa moja mfukoni mwa bosi wako. Wakati huo huo, mhandisi wa mgodi anayekuona kila siku, anayejua kwamba wewe ndiye unayeokoa zamu yake, hana uwezo juu ya mshahara wako. Mimi nilisifiwa sana na wahandisi wa mgodi. Walinipiga bega, waliniita "fundi wetu". Siku ya malipo hawakuwepo.

Katika kiwanda cha zamani aliyekuona na aliyekulipa walikuwa nyumba moja. Sutretansi imewatenganisha. Kuna sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inayosimamia sutretansi: inataka kampuni hizo ziwe za Wakongomani na inaweka mpaka wa asilimia 40 ya thamani ya soko linaloweza kutolewa kwa mwingine. Imesaidia wenye mitaji wa nyumbani kupata nafasi. Lakini bosi kuwa ndugu yako wa nchi moja hakumpi macho ya kukuona. Hesabu ya bei moja inabaki ile ile.

Sababu ya nne: ukimya hauna bei, kuondoka kuna bei

Nilipoomba 350, shefu alikuwa na neno langu tu. Nilipoleta barua, alijua kwamba kuna mtu mwingine amekubali kunilipa zaidi. Soko lilikuwa limesema kwa niaba yangu. Waajiri wengi hawapimi thamani ya kazi. Wanapima itawagharimu kiasi gani ukikosekana, na hilo hawalipimi mpaka mlango ufunguke.

Jambo hili lina umri mkubwa hapa Katanga kuliko sisi sote.

Babu zetu waliliona

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Miaka ya mwanzo ilimtendea mfanyakazi mweusi kama kitu cha kutumia na kutupa. Watu waliletwa kwa kontra za miezi michache, wakalazwa kwenye kambi mbaya, magonjwa yakaua wengi, na waliobaki wakatoroka au wakarudi kwao. Kampuni haikuhangaika sana, maana kulikuwa na wengine wa kuletwa. Sehemu kubwa ya nguvu kazi ilitoka ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia.

Ndipo katika miaka ya 1920 migodi mikubwa ya shaba ikaanza kufunguliwa kule Rhodesia kwenyewe. Mtu aliyekuwa akivuka kuja Katanga sasa alikuwa na kazi karibu na kijiji chake. Foleni ya mlangoni ikapungua. Na tazama: kuanzia mwaka 1928 hivi, Union Minière ikageuza siasa yake yote. Kontra za miaka mitatu. Ruhusa ya kuja na mke. Nyumba za familia, hospitali, shule za watoto, posho ya kila juma. Mji wetu wa Kolwezi, uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, ulizaliwa ndani ya siasa hiyo.

Je, roho ya kampuni ilikuwa imegeuka? Mlango ndio uliokuwa umegeuka. Aliyeweza kuondoka akapata thamani.

Lakini historia hiyo hiyo ina upande wa pili, na sitaki tuuruke. Desemba 1941, wakati wa vita, bei zilipanda na wafanyakazi wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, waligoma wakidai mshahara. Hawakutaka kuondoka. Walitaka kubaki na kusikilizwa. Tarehe 9 Desemba askari waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mpira, wakaua watu wengi, akiwemo kiongozi wao Léonard Mpoyi. Nyumba na posho walikuwa wamepewa. Sauti hawakupewa.

Mchumi mmoja, Albert Hirschman, mwaka 1970 aliandika kitabu juu ya jambo hili. Alisema mtu asiyeridhika ana njia mbili: kuondoka au kusema. Uaminifu ndio unaomfanya asubiri na kusema kabla ya kuondoka. Wazo lilimjia alipotazama reli ya Nigeria. Wateja wenye haraka walihamia kwenye malori, na reli haikujirekebisha, kwa sababu wale ambao wangepiga kelele ndio walioondoka kwanza. Haya yanatuhusu. Kampuni inayoelewa lugha ya kuondoka tu hubaki na watu waliochoka kusema, na kila mwaka inajifunza somo lile lile kwa hasara ile ile.

Na wazee wetu wa Gécamines

Hapa kuna jeraha ambalo familia nyingi za Kolwezi zinalijua. Gécamines, iliyorithi Union Minière baada ya kutaifishwa mwaka 1967, ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba katika mwaka wake bora, katikati ya miaka ya 1980. Baadaye ikaanguka. Mgodi wa Kamoto ulibomoka mwaka 1990, mashine zikachakaa, mishahara ikakatika miezi na miezi. Wazee waliendelea kwenda kazini bila kulipwa. Watoto walifukuzwa shule, nyumbani chakula kikawa mara moja kwa siku.

Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondolewa katika mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari". Wengi walikuwa wametumika miaka mingi sana. Mpango mzima uligharimu karibu dola milioni 43. Gawanya mwenyewe: ni kama dola 4,000 kwa mtu, kwa maisha mazima ya kazi. Malalamiko ya wazee hao hayakuisha.

Wakati huo huo Kodi mpya ya Madini ya mwaka 2002 ilikuwa imefungua mlango kwa wawekezaji. Kampuni mpya zilipofika kufufua machimbo, zilihitaji watu wanaojua ardhi hii na viwanda vyake. Baadhi ya mafundi waliokuwa wameondolewa waliitwa tena. Mzee aliyekuwa mzigo kwenye hesabu ya kampuni moja akawa hazina kwa nyingine, akiwa mtu yule yule mwenye mikono ile ile. Lakini ni baadhi tu. Walio wengi hawakuitwa na mtu.

Ndiyo sababu nawaambia: usingoje kuondoka ndipo ujue thamani yako. Ijue ukiwa ndani.

Sasa tufanye nini?

Kwanza, soma kontra yako na ujue sheria. Kodi ya Kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa 2016, ina mambo ambayo mimi niliyajua kwa kuchelewa. Kontra ya muda maalum haizidi miaka miwili, na kampuni moja haiwezi kukufungisha kontra za namna hiyo zaidi ya mbili. Ikizidisha, unahesabiwa kuwa na kontra ya kudumu. Mfanyakazi wa siku naye, akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, anahesabiwa wa kudumu. Mimi nilisaini kontra nne za mwaka mmoja mmoja. Kila Desemba nilikuwa natetemeka kama watanirudisha, kumbe kuanzia ile ya tatu sheria ilikuwa upande wangu. Woga wangu ndio uliokuwa punguzo la bei kwa bosi.

Pili, sema kwa karatasi. Kosa langu kubwa ni kwamba nilikuwa naomba nyongeza mlangoni, bosi akiwa anatafuta ufunguo wa gari. Andika barua. Taja uliyofanya kwa namba: pompi ngapi, masaa mangapi bila kusimama, wangapi umewafundisha. Weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kazi isiyoonekana unaifanya ionekane. Kama kuna delege wa sindika, msipite kando yake. Watu kumi wakisema pamoja, foleni ya mlangoni inapungua nguvu.

Tatu, usitishie kuondoka kama huna pa kwenda. Mwenzangu mmoja alisikia habari ya zile dola 450, akaenda kwa shefu akasema, "Na mimi naenda." Hakuwa na kazi nyingine. Shefu akamwambia, "Haya, nenda." Ilimchukua miezi minane kupata nyingine, na ana watoto watatu. Barua yangu ilikuwa na nguvu kwa sababu ilikuwa ya kweli.

Nne, ukipewa nyongeza ya dakika ya mwisho, iangalie vizuri. Je, imeandikwa na kusainiwa, au ni "prime" ya mdomo? Mwingine alikubali kubaki kwa ahadi. Miezi mitatu prime ilikuja, mwezi wa nne ikapotea, na nafasi aliyoiacha ilikuwa imeshachukuliwa. Jiulize pia: fedha hizi zilikuwa wapi mwaka jana? Kama zilikuwepo, kwa nini nilinyimwa? Ukipata jibu la kuridhisha, baki. Kubaki si aibu.

Tano, ukiondoka, ondoka vizuri. Kwa kontra ya kudumu, mwajiri akikuachisha anapaswa kukupa taarifa ya siku 14 za kazi, na siku 7 juu yake kwa kila mwaka mzima uliotumika. Ukiacha wewe, taarifa yako ni nusu ya hiyo. Kwangu, kwa miaka minne, yeye angenipa siku 42. Mimi nilimpa 21. Kontra ya muda maalum ni habari nyingine: ukiivunja katikati bila sababu nzito unaweza kudaiwa fidia. Dai cheti cha kumaliza kazi. Mwajiri analazimika kukupa ndani ya siku mbili za kazi, kikitaja aina ya kazi na tarehe, bila maneno ya kukuchafua. Hakikisha michango yako ya CNSS imelipwa. Na kama unadai mshahara, usilale: dai la mshahara linakufa baada ya mwaka mmoja.

Mimi niliondoka. Siku zangu 21 za mwisho nilizitumia kuchora ile ramani ya pompi ya tatu kwenye daftari na kumfundisha kijana aliyekuwa msaidizi wangu. Wenzangu walinicheka: "Unampa patro zawadi!" Sikumpa patro. Yule kijana ndiye angekuwa analala kule shimoni mvua ikinyesha, na umeme na maji havina huruma na mtu asiyejua. Nilimwambia pia jambo moja: "Daftari hili ni lako. Ukienda kuomba nyongeza, nenda nalo mkononi."

Neno la mwisho ni kwa wale kati yetu watakaokuwa mashefu, na watakuwepo, maana ndiyo maana tunasoma. Siku moja utakaa upande ule wa meza, na dirishani utaiona foleni ile ile. Kabla hujanyoosha kidole, fanya zoezi dogo: chukua orodha ya watu wako na kwa kila jina jiulize, "Huyu akileta barua kesho, nitamwongezea kiasi gani ili abaki?" Kama jibu ni dola 170, basi unajua tayari unamlipa pungufu. Mwite leo, hata kama huwezi kumpa zote. Mpe unachoweza, mweleze kilichobaki, mwandikie lini.

Mwaka uliofuata nilipita pale. Yule kijana hakuwepo. Naye alikuwa ameleta barua.